Namba Isiyo Tasa: Historia ya Namba Moja ya Tarakimu 21

Katika kupitia mswada wa kitabu cha Hisabati kilichofasiriwa kwa Kiswahili, nilikutana na sentensi fupi ambayo imenishughulisha kuliko sura nzima za kitabu kile. Mfasiri alikuwa ameandika: "Moja si namba tasa, wala si namba isiyo tasa." Kisarufi sentensi hiyo haina dosari. Kimantiki haiwezekani, maana kitu kisipokuwa tasa basi ni kisicho tasa, na hapana mlango wa tatu wa kutokea. Hata hivyo mfasiri hakukosea hesabu. Wanahisabati wa leo wamekubaliana kwamba 1 haimo katika kundi la namba tasa, na wala haimo katika kundi la namba kama 4, 6, 8, 9 na 10, ambazo hupatikana kwa kuzidisha namba ndogo kuliko zenyewe. Kosa lilikuwa letu sisi tulio na dhamana ya istilahi. Kundi la kwanza tumelipa jina. Kundi la pili tumelipa ukanusho wa jina la kwanza, tukadhani kazi imekwisha.

Wenzangu niliowaonyesha sentensi hii walisema kwamba jambo lenyewe ni dogo, na kwamba mwalimu atalieleza ubaoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba si dogo. Ushahidi nitakaoutumia ni namba moja tu, nayo ni hii:

147,573,952,589,676,412,927.

Namba hii ilikaa miaka 232 katika kundi lisilo lake. Kisha ikakaa miaka mingine 27 katika hali ya ajabu: ilijulikana kwa yakini kuwa si tasa, lakini hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kutaja kigawo chake hata kimoja, ukiacha 1 na namba yenyewe.

Kabla ya historia, tuisome kwanza, maana hata kuisoma kuna mtihani wake. Kwa desturi ya Tanzania na Kenya, ambapo bilioni ni milioni elfu moja, msomaji atasema: kwintilioni 147, kwadrilioni 573, trilioni 952, bilioni 589, milioni 676, elfu 412, mia tisa ishirini na saba. Lakini Mswahili wa Lubumbashi aliyesomea hesabu kwa Kifaransa huita milioni elfu moja "miliari", na bilioni kwake ni milioni mara milioni. Kwa hiyo namba hii hii kwake huanza na "trilioni 147". Waingereza nao walikuwa na mtindo huo wa pili mpaka Desemba 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipolieleza Bunge kwamba katika takwimu za serikali yake bilioni itakuwa milioni elfu moja. Watumishi wa umma wanaosoma taarifa za fedha za zamani kutoka London hawana budi kuutazama mwaka kabla ya kuitazama namba. Haya nayataja kwa kupita tu. Kwa namba kubwa kama hizi tarakimu ni salama kuliko maneno, na sioni faida ya kugombania kwintilioni.

Ukubwa wake waweza kukisiwa kwa kile kisa cha sataranji ambacho Ibn Khallikan alikiandika katika karne ya 13: mtu aliyemwomba mfalme punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, na kuendelea hivyo hivyo hadi mraba wa 64. Mfalme alicheka, kisha hazina yake ikamshinda. Namba yetu ni punje zote za sataranji hiyo mara nane, na nyingine saba juu yake. Hiyo si sadfa, kwani punje za sataranji ni 2⁶⁴ − 1, na namba yetu ni 2⁶⁷ − 1, yaani 2 ikizidishwa kwa yenyewe mpaka zitimie 67, kisha ikatolewa 1.

Kwa nini mtu ajishughulishe na namba za sura hiyo? Chanzo chake ni Euclid wa Aleksandria, yapata mwaka 300 K.K. Wayunani waliipenda mno namba ambayo vigawo vyake, bila kuihesabu namba yenyewe, vikijumlishwa hurudisha namba ile ile. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Namba hizi sisi twaziita namba kamilifu. (Hapa niseme kwamba tumejitegea mtego mwingine, kwa kuwa "namba kamili" ni kundi tofauti kabisa, lile linalojumuisha namba nzima pamoja na hasi zake. Silabi moja ya mwisho ndiyo iliyobeba mzigo wote wa tofauti, kama vile irabu moja ibebavyo tofauti ya kigawo na kigawe. Mwalimu yeyote aliyesahihisha maswali ya KKS na KDS anajua mzigo huo huangukia wapi.)

Katika Kitabu cha Tisa cha Elements, pendekezo la 36, Euclid alithibitisha kanuni hii: anza na 1, jumlisha 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuongeza maradufu, jumla ikiwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoijumlisha, nawe utapata namba kamilifu. Kwa mfano 1 + 2 + 4 ni 7, nayo 7 ni tasa. 7 mara 4 ni 28. Hali kadhalika 1 + 2 + 4 + 8 + 16 ni 31, nayo ni tasa. 31 mara 16 ni 496. Jumla hizo daima huwa na sura ya 2 kwa kipeo fulani, kutoa 1. Basi swali la namba kamilifu likageuka kuwa swali la vipeo: ni vipeo gani vitoavyo namba tasa?

Jibu la haraka ni kwamba kipeo chenyewe lazima kiwe tasa. Hilo ni kweli, lakini halitoshi, na wengi waliteleza hapo. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni 23 mara 89, ingawa 11 ni tasa.

Ndipo akatokea Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa shirika la Minimi, ambaye chumba chake mjini Paris kilikuwa kama posta ya wanazuoni wa Ulaya. Fermat na Descartes walikuwa miongoni mwa waliomwandikia. Mwaka 1644, katika kitabu chake Cogitata Physico-Mathematica, alidai kwamba vipeo vitoavyo namba tasa mpaka kufikia 257 ni hivi: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakutoa uthibitisho. Tena katika kitabu hicho hicho alikiri kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 ili kujua kama ni tasa ni kazi ambayo zama zote hazingeitosha. Namba yetu ina tarakimu 21. Alijuaje basi? Wako wanaokisia kwamba 67 ni kosa la chapa na kwamba alikusudia 61. Dhana hiyo yavutia, kwa kuwa 61 kweli hutoa namba tasa, kama alivyothibitisha kasisi Mrusi Ivan Pervushin mwaka 1883. Lakini orodha ina makosa mengine ambayo hayawezi kusukumiwa wachapaji: imeacha 89 na 107, ambazo zilistahili kuwamo, na imeweka 257 isiyostahili.

Hata hivyo orodha iliheshimiwa. Euler alipothibitisha mwaka 1772 kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa kama ilivyodaiwa, heshima hiyo ilizidi. Mtu aliyesoma orodha ya Mersenne mwaka 1800 hakuwa na sababu ya kuishuku 67 kuliko 31. Jina la "tasa" lilikuwa limekwisha kubandikwa, na jina lililobandikwa na mkubwa halibanduki upesi. Sisi wa ofisi za istilahi tunalijua hilo pengine kuliko wanahisabati.

Aliyelibandua ni Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, mwaka 1876. Njia yake inafaa kuelezwa, kwa maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Kwa sura iliyorahisishwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, inakwenda hivi. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe na utoe 2, upate 14. Fanya hivyo tena kwa 14, upate 194, na uendelee. Lakini kila mara namba ikizidi ile unayoipima, igawe kwa hiyo unayoipima na ubaki na baki tu. Kwa kipeo cha 5, namba inayopimwa ni 31: una 4, kisha 14, kisha 194 ambayo baki yake ni 8, kisha 8 mara 8 kutoa 2 ni 62, ambayo baki yake ni 0. Sifuri hiyo ikitokea mahali pake, hatua mbili pungufu ya kipeo, namba ni tasa. Kwa kipeo cha 11, namba inayopimwa ni 2,047, na mabaki baada ya 194 ni 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na mwisho 1,736. Si sifuri, basi 2,047 si tasa.

Msomaji atazame vizuri kilichotokea. Tumethibitisha kwamba 2,047 si tasa, na hatukuiona 23 wala 89. Baki 1,736 haitudokezi lolote juu yao. Tumejua kwamba namba ina vigawo bila kujua ni vipi. Ndivyo Lucas alivyoipata 2⁶⁷ − 1: alitangaza kwamba si tasa, na mikononi mwake hakuwa na kigawo cha kumwonyesha mtu. Katika mwaka ule ule, kwa njia hiyo hiyo, alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa kweli.

Kwa hiyo kuanzia mwaka 1876 namba yetu ilikuwa "isiyo tasa" kwa maana kamili ya ukanusho huo, na si zaidi. Maneno yetu yangeieleza hali hiyo barabara. Lakini yangeieleza vilevile hali iliyofuata mwaka 1903, ambayo ni nyingine kabisa, na hapo ndipo yanapotutupa.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani uliofanyika New York, Frank Nelson Cole, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia na katibu wa chama hicho, alitoa makala kuhusu kugawa namba kubwa katika vigawo vyake. Yasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kutamka neno, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67 na kutoa 1. Kisha akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika

193,707,721 × 761,838,257,287

akazidisha kwa mkono tarakimu kwa tarakimu mpaka majawabu mawili yakalingana, akaketi bado hajasema kitu, na ukumbi ukapiga makofi. Msimulizi ni Eric Temple Bell, ambaye alipata shahada yake ya udaktari Columbia mwaka 1912, na aliyekiandika kisa hiki katika kitabu cha mwaka 1951. Ndugu msomaji na akipokee kwa tahadhari. Mwaka 1903 Bell alikuwa mwanafunzi Stanford, upande wa pili wa bara la Marekani, na alikuwa mtu wa kupenda kisa kizuri. Anaongeza kwamba alimwuliza Cole kazi ile ilimchukua muda gani, akajibiwa: Jumapili za miaka mitatu. Hilo angalau alilisikia kwa masikio yake. Na makala yenyewe ya Cole yalichapishwa katika Bulletin ya chama hicho Desemba 1903, yakiwa na maelezo ya njia aliyoifuata. Haikuwa kazi ya kubahatisha.

Jumapili zile zilikwenda wapi? Kigawo chochote cha 2⁶⁷ − 1 lazima kibakishe 1 kikigawiwa kwa 134, ambayo ni 67 mara mbili. Tena kikigawiwa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7. Masharti hayo mawili huondoa namba nyingi mno. Hata hivyo kati ya 1 na 193,707,721 bado yanaacha namba 722,790 za kujaribiwa, kabla ya kuziondoa zile ambazo zenyewe si tasa. Kuzigawa moja moja kwa kalamu, mtu akigawa kumi kwa siku bila kupumzika, kungemchukua karibu miaka 200. Cole aliongeza masharti mengine yatokanayo na mabaki ya namba za mraba, akazidi kuzipunguza mpaka akafika.

Aliye na shaka anaweza kupima kidogo mwenyewe. Tarakimu tatu za mwisho za vigawo ni 721 na 287. Zao lake ni 206,927, na namba yetu huishia na 927. Kwa kipimo cha tisa, jumlisha tarakimu za kigawo cha kwanza: 37, kisha 10, kisha 1. Za kigawo cha pili: 64, kisha 10, kisha 1. Za namba yenyewe: 109, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja. Vipimo hivi havithibitishi, ila vingeweza kufichua kosa kama lingekuwapo.

Sasa tunaweza kuipanga namba yetu mahali pake. Ni witiri. Si tasa. Ni zao la namba tasa mbili, wala si zaidi, na kwa hiyo ina vigawo vinne tu: 1, hivyo viwili, na yenyewe. Vigawo vyake bila yenyewe vikijumlishwa huwa 762,031,965,009, ambayo ni ndogo mno kuliko namba yenyewe. Hivyo iko katika kundi ambalo Nikomako wa Gerasa, yapata mwaka 100 B.K., alilitenga na namba kamilifu, nalo twaweza kuliita namba pungufu. Ile namba kamilifu ambayo kanuni ya Euclid ingeizaa kutokana nayo haipo. Leo kompyuta humaliza kazi ya Cole kwa kufumba na kufumbua, na Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, ni tasa. Nayo ilipimwa kwa njia iliyotokana na ile ya Lucas.

Turudi kwenye sentensi ya mfasiri. Lugha yetu imetenda haki katika jozi nyingine: shufwa na witiri. Maneno hayo yametoka katika Kiarabu, na hilo la pili Mwislamu wa pwani analijua kutokana na sala ya witiri. Hapo kweli kuna milango miwili tu, kwani kila namba nzima ni ama shufwa ama witiri, na ukanusho ungetosha. Hata hivyo kila upande una jina lake, na hakuna asemaye "namba isiyo shufwa". Katika jozi ya tasa milango ni mitatu, maana 1 imesimama peke yake, na tena iko 0 yenye mambo yake. Nasi tumetoa jina moja. Palipotosha ukanusho tuliweka neno. Palipohitajika neno tukaweka ukanusho. Watumishi wa serikali wanaliona jambo hili katika sheria. "Asiye mwajiriwa" huwakusanya pamoja aliyejiajiri, mstaafu, mtoto wa shule na mtu anayetafuta kazi, na kanuni iliyoandikwa hivyo huwagusa wote ilhali ilikusudia mmoja.

Kuhusu neno "tasa" lenyewe nina neno moja. Wayunani, Warumi na Waarabu waliziita namba hizi "za kwanza", kwa kuwa nyingine zote hujengwa kwazo. Sisi tumeziita tasa, kana kwamba hazizai; papo hapo jawabu la kuzidisha tunaliita zao, neno lililotoka katika kuzaa. Basi 2⁶⁷ − 1 ni zao la tasa mbili! Mwanafunzi mmoja mwerevu atacheka siku moja, na mwalimu itambidi acheke naye. Sipendekezi kuliondoa. Limekwisha kuota mizizi shuleni, watoto wanalijua, na istilahi haifi kwa kuwa na kitendawili ndani yake. Inakufa ikishindwa kutenganisha vitu viwili.

Kinachotakiwa ni jina la kundi la pili, na majina yanayokuja haraka yamekwisha kukaliwa. "Namba changamano" ni za tawi jingine la Hisabati. "Namba mchanganyiko" wengi huitumia kwa namba nzima iliyoandamana na sehemu, kama moja na nusu. "Namba za zao" haikai vizuri, na ikifupishwa itasomwa "namba zao", yaani za watu fulani. Mimi naelekea kwenye "namba ambatano". Walimu wa sarufi wanalijua neno hilo katika nomino ambatano na sentensi ambatano, ambapo kitu kimoja kimefanywa na sehemu mbili au zaidi zinazoweza kusimama peke yake. Na 193,707,721 na 761,838,257,287 zinaweza. Pingamizi ninaloliona ni kwamba kuambatana ni kukaa ubavuni, na hilo linafanana na kujumlisha kuliko kuzidisha. Walio na neno bora walilete kwenye kamati.

Kwa neno hilo, historia niliyoieleza yaweza kuandikwa bila kujikwaa: mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, na kwa kuwa ni kubwa kuliko 1, basi ni ambatano, mwaka 1903 Cole alitaja vilivyoambatana. Na katika mswada ule nimependekeza kwa mfasiri, kwa penseli, sentensi isomeke hivi: "Moja si namba tasa, wala si namba ambatano." Ameikubali, ila ameomba tanbihi.